"Yes" ya Kiingereza si "ndiyo" yetu

Mtu akikuuliza, "Hujapata mzigo?" na kweli hujaupata, unajibu, "Ndiyo, sijapata." Ndiyo yako inakubali alichosema. Kiingereza hakiendi hivyo. Ukiulizwa "You haven't received the parcel?" ukajibu "Yes" ukanyamaza, Mwingereza ataelewa kwamba umeupata, au atabaki njia panda. Yes na no kwake hufuata kitenzi cha jibu lako, si maneno ya muulizaji: "No, I haven't" kama hujapata, "Yes, I have" kama umepata. Mimi niliwahi kujibu "Yes" kavu kwenye simu, karani akafunga malalamiko yangu papo hapo!

Kwa hiyo usiishie kwenye neno moja. Malizia na mkia wake, maana hata ukiteleza mwanzoni, "I haven't" itakuokoa.

Mtego mwingine ni "Do you mind if I sit here?" Mind hapo ni kuona vibaya, kwa hiyo ukisema "Yes" umemnyima mtu kiti. Jibu "No, go ahead." Au msogezee tu mkoba wako, akae.