Jinsi ya Kuandaa Jioni ya Muziki wa Kantri kwa Wasanii wa Nyumbani

Mashabiki wa kantri nchini Kenya huja ukumbini wakiwa wameyakariri maneno. Wamekulia kwenye sauti ya Jim Reeves, mwimbaji wa Marekani aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1964 na ambaye nyimbo zake bado zinapendwa hapa kwetu, wakawaongeza Wamarekani wenzake Kenny Rogers, Dolly Parton na Charley Pride, na leo wanamfuata Mkenya Elvis Otieno, maarufu kama Sir Elvis. Mimi ni mpiga gita na mwandalizi wa jioni za namna hii, na kila ninaloshauri hapa linatokana na jambo moja: kantri ni hadithi inayoimbwa, na aliyeketi meza ya mwisho ana haki ya kulisikia kila neno.

Hatua ya 1: Kagua ukumbi

Simama mahali jukwaa litakapokuwa, upige makofi mara moja, usikilize mwangwi. Kisha tazama juu. Msimu mmoja wa masika tulipiga kwenye ukumbi wa nyama choma ulioezekwa kwa mabati matupu. Mvua iliponyesha tuliongeza sauti, tukaongeza tena, hadi maneno yote yakazama katika kelele zetu wenyewe. Hatimaye tulizima spika, mwimbaji akachukua gita kavu, lisilotumia umeme, akaenda kuimbia katikati ya meza, na watu wakavuta viti wakamzunguka. Tangu hapo, kuanzia Machi hadi Mei natafuta ukumbi wenye dari.

Hatua ya 2: Vibali

Mwenye ukumbi akuonyeshe leseni ya kupiga muziki hadharani, kwa kuwa watunzi wana haki ya mirabaha hata wimbo unapoimbwa na mtu mwingine. Ulizia pia kibali cha kelele mapema, hasa kama kuna makazi karibu.

Hatua ya 3: Chagua bendi ndogo

Watu watano wanatosha: mwimbaji mwenye gita kavu, gita la kuongoza, besi, ngoma, na mtu wa fidla au kinanda. Mpiga besi acheze noti ya msingi na ya tano yake kwenye pigo la kwanza na la tatu, asijaze nafasi zilizobaki. Mpiga ngoma aje na brashi pamoja na vijiti. Gita la chuma, linalopigwa likiwa limelazwa huku kipande cha chuma kikiteleza juu ya nyuzi, ni adimu kwetu, lakini mpiga gita mzuri huweza kuikaribia sauti yake: anadonoa uzi huku sauti ikiwa imefungwa, anaifungua polepole kwa kanyagio, kisha anauvuta uzi kwa kidole hadi noti ipande kwenye noti inayofuata. Nyuzi mpya zifungwe siku moja kabla, zipate muda wa kutulia.

Hatua ya 4: Panga nyimbo

Nyimbo nyingi za kantri husimama juu ya kodi tatu (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), kwa mfano G, C na D, kwa hiyo ugumu haumo katika kodi bali katika kumtafutia mwimbaji ufunguo, yaani kimo cha sauti, unaomfaa. Kapo, kibanio cha kupandisha sauti ya nyuzi zote, ifungwe kwenye shingo ya gita, mwimbaji asilazimishwe. Gawa jioni katika vipindi vitatu vya dakika 45. Kila baada ya nyimbo tatu au nne weka moja ya mapigo matatu, kwa maana wanandoa wa makamo huisubiri hiyo ili wacheze. Tungo za wasanii wenyewe, ziwe za Kiswahili au za Kikuyu, zipewe kipindi cha pili, masikio yakiwa bado mapya. Kuzificha mwishoni ni kuwakosea waliozitunga.

Hatua ya 5: Pima sauti

Fika zikiwa zimesalia saa tatu kabla ya onyesho, na uanze na mwimbaji, si ngoma. Wanaomwiga Jim Reeves huimba midomo ikikaribia kugusa kipaza sauti, na ukaribu huo huongeza uzito wa chini; punguza kidogo sauti nzito zilizo karibu na hezi 200 (mitetemo 200 kwa sekunde), neno litatoka safi. Spika ya jukwaani iwekwe nyuma ya kipaza sauti, upande ambao hakisikii vizuri, ili kisipige mluzi. Sauti ya mwimbaji ikishakaa, ongeza vyombo kimoja kimoja. Baada ya kila kimoja nenda hadi meza ya mwisho usikilize. Ukipoteza neno, shusha chombo ulichoongeza sasa hivi, usipandishe sauti ya mwimbaji. Kumbuka pia kwamba ukumbi uliojaa watu humeza sauti kali, basi rudia ukaguzi huo wakati wa wimbo wa kwanza.

Hatua ya 6: Jioni yenyewe

Mwimbaji aeleze kwa sentensi mbili wimbo unahusu nini, kisha aimbe. Acha nafasi ya mita tatu kati ya jukwaa na meza za mbele, hata kama mwenye ukumbi anataka kuuza viti hivyo. Mdundo wa garimoshi, ule wa brashi unaokimbia juu ya ngoma ndogo, uwekwe katika kipindi cha tatu. Katika Kikuyu mugithi ni garimoshi, na wenyeji wa eneo la Kati ya Kenya wakiusikia mdundo huo husimama, wakashikana mabega, wakajipanga mstari kuzunguka meza. Hapo mpiga ngoma asibadilishe mwendo wala bendi isikate wimbo, mpaka behewa la mwisho lirudi kwenye kiti chake.