Inhela ya nikotini: mvuke uishie kinywani, usifike kifuani

Inhela ya nikotini ni kifaa kidogo cha plastiki cha kumsaidia mtu kuacha sigara. Wengi wanaoshindwa nayo huivuta kama sigara: pumzi moja ndefu hadi kifuani, kikohozi kikali, kisha inatupwa kwenye droo. Dawa hii haikuundiwa mapafu. Nikotini yake hupenya kwenye ngozi laini ya ndani ya kinywa, tena polepole, ilhali ile ya sigara hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache. Basi usingoje arosto ikubane ndipo uitoe mfukoni. Anza mapema, hamu inapobisha tu.

Maelezo haya ni ya katriji, yaani kichupa cha nikotini kinachotiwa ndani ya inhela, ya miligramu 15. Ile ya 10 ina hesabu yake, kwa hiyo soma pakiti kwanza. Linganisha alama za vipande viwili vya plastiki vya inhela, uvitenganishe. Tia katriji na uisukume mpaka usikie foili ikipasuka. Rudisha kipande cha pili, ukibane kwa nguvu ili upande wa pili nao utoboke, halafu zungusha alama zipishane. Ukivuta usipate hata ladha ya mentoli, huenda upande mmoja haujatoboka.

Vuta fupi fupi, kama mzee na kiko chake. Katriji moja hutosha takriban dakika 40 za kuvuta mfululizo, au vipindi 8 vya dakika tano tano. Usipite katriji 6 kwa siku. Iliyofunguliwa huzidi kuisha nguvu, usiiweke kiporo.

Kahawa, soda na juisi hutia kinywa asidi, na nikotini haipenyi vizuri. Acha dakika 15 zipite baada ya kunywa. Baridi nayo ni adui: chini ya nyuzi 15 mvuke hupungua, na asubuhi za Julai hapa Nairobi hushuka hapo kwa urahisi. Ibebe mfuko wa ndani wa koti, si kwenye begi, na uifumbate kiganjani kabla ya kuvuta.

Koo kuwasha na kwikwi katika siku za kwanza ni kawaida. Kichefuchefu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio ni dalili kwamba umezidisha, pumzika. Mwenye pumu, mjamzito au aliyepatwa na mshtuko wa moyo karibuni amwone daktari kwanza.

Kaa na kipimo chako wiki 8, kipunguze nusu kwa wiki 2, kisha ushuke hadi sifuri kwa wiki 2 nyingine. Kukata ghafla ndiko huwarudisha wengi kwenye kibanda cha sigara.

Nunua kwenye duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Wasipokuwa na inhela, ulizia chingamu au plasta ya nikotini. Vepu, yaani sigara ya kielektroniki, si mbadala wake. Plastiki ya mdomoni ioshe kwa maji na sabuni, katriji ikiwa imetolewa. Katriji iliyokwisha bado ina nikotini ya kumdhuru mtoto, kwa hiyo ifunge vizuri kabla ya kuitupa.