Ukiingia kamati ya shule, anza kuhesabu vichwa

Mimi niliingia kamati ya shule kwa kuchelewa kikao. Mkutano wa wazazi ulikuwa umeshaanza, madawati yamejaa, nikasimama mlangoni na msumeno wangu ndani ya gunia. Mwenyekiti wa kijiji akanyoosha kidole: "Yule fundi naye aingie, atatutengenezea madawati." Watu wakacheka, wakapiga makofi, jina likaandikwa. Hiyo ndiyo kampeni yangu yote.

Kikao cha kwanza tukasomewa mapato na matumizi. Tarakimu zilipita mbele yetu kama basi la mkoani lisilosimama kituo kidogo. "Wajumbe, kuna swali?" Kimya. Mzee mmoja akasema tunashukuru kwa taarifa nzuri, soda zikaletwa, nikatia sahihi karatasi nisiyoielewa. Shule yetu iko kijijini, mkoa wa Morogoro, lakini nadhani kikao kile unakifahamu hata kama uko Geita au Mtwara.

Haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya atakayechaguliwa kama nilivyochaguliwa mimi. Nazisemea shule za msingi za serikali. Za sekondari zina bodi badala ya kamati, na viwango vyake vya fedha ni vingine.

Usianze na fedha, anza na watoto. Karibu kila kitu kinachoingia shuleni kinafuata idadi yao, na ukiwa na idadi mkononi huhitaji kuwa mhasibu. Chagua siku ya kawaida katikati ya wiki, isiwe siku ya gulio, muombe mwalimu wa taaluma mpite naye darasa kwa darasa. Andika namba tatu: walioandikishwa kwenye rejesta, waliopelekwa halmashauri kwenye takwimu, na waliokaa mbele yako asubuhi hiyo. Mwaka wangu wa kwanza tulipata 871, 860 na 794. Usiruke kusema kuna wanafunzi hewa. Wengine wamehamia kwa bibi zao na barua ya uhamisho haijafika, wengine wako shambani wanafukuza ndege kwenye mpunga. Lakini andika, weka tarehe, wewe na mwalimu mtie sahihi. Karatasi hiyo moja nimeitumia kuliko kitu kingine chochote nilichopewa pale.

Sasa twende kwenye ruzuku. Elimumsingi bila malipo ilianza Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015. Kwa shule ya msingi hesabu ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 ndizo zinazotumwa kwenye akaunti ya shule kidogo kidogo kila mwezi. Chukua karatasi: 860 mara 6,000 ni 5,160,000 kwa mwaka. Gawa kwa 12, ni 430,000 kwa mwezi. Gawa tena kwa siku 30, ni kama 14,300 kwa siku, kwa watoto 860: chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, mpira, kila kitu.

Nilipoimaliza hesabu hiyo niliona haya. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema kijiweni kwamba Madamu, mwalimu mkuu wetu, amejenga kwa pesa za shule. Kwa 14,300 kwa siku mtu hajengi hata banda la kuku. Na zile 200,000 anazopata kila mwezi ni posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, ni zake kihalali, si fedha za shule. Watu wengi wanazichanganya, kisha wanagombana bure.

Ila udogo wa fedha hauondoi haja ya kuifuata. Omba kuona vitu vitatu kwa pamoja: taarifa ya benki ya robo mwaka husika, daftari la fedha, na mafaili ya hati za malipo zenye risiti za EFD, zile za mashine ya kodi. Tangu 2017 shule zinaingiza hesabu zake kwenye FFARS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa hesabu za shule na zahanati, kwa hiyo taarifa iliyochapwa ipo. Usikubali kusomewa tu. Linganisha kilichoingia benki na ile 430,000 yako. Mwezi ukiwa pungufu, swali lako la kwanza liende halmashauri, maana huenda takwimu zilizopelekwa ni za watoto wachache kuliko mlio nao. Kisha chagua hati moja tu ya malipo, usichague kumi, na uifuate kwa miguu mpaka kwenye kitu chenyewe.

Mimi nilichagua ninachokijua. Hati ilisema: ukarabati wa madawati 20, kila moja 15,000, jumla 300,000. Sikusema neno kikaoni. Nilirudi Jumamosi, nikaomba ufunguo, nikayapindua madawati moja moja. Dawati lililotengenezwa huwezi kulikosa: mbao mpya ina rangi ya ugali, ya zamani imekuwa nyeusi kwa viwiko vya watoto, na ukiweka kidole kwenye kiungio unasikia kichwa cha msumari kama hakikuzamishwa. Nilihesabu kumi na moja. Mawili kati ya hayo fundi alipiga misumari minne ya nchi tatu kwenye mbao iliyooza, mahali panapotaka bolti. Dawati la watoto watatu halishikwi na msumari, wanalikanyaga wakitoka kwenda mapumziko.

Jumatatu nikamfuata Madamu ofisini peke yake. "Madamu, nimeyaona kumi na moja." Alinyamaza, akafungua droo, akanipa namba ya simu ya fundi. Alimlipa zote kabla ya kazi kwisha kwa sababu robo ilikuwa inafungwa na fedha isiyotumika inamletea maswali. Fundi akapata kazi ya kuezeka Ifakara akaondoka. Nikampigia, mafundi tunajuana. Alirudi baada ya wiki mbili, akayamaliza tisa yaliyobaki, na yale mawili tukayafungua upya pamoja, mimi nikimshikia taa ya simu. Toka siku hiyo hakuna malipo yanayotoka kabla wajumbe wawili hawajahesabu na kutia sahihi kwamba kazi wameipokea. Kanuni hiyo ilikuwepo tangu zamani, haikuwa na mtu wa kuishika tu.

Kwenye ujenzi ni hayo hayo ila fedha ni kubwa. Fedha za kukabiliana na UVIKO (korona) mwaka 2021 zilijenga vyumba 15,000 nchini kwa 20,000,000 kila chumba, kwa njia ya force akaunti, yaani mafundi wa hapa hapa na kamati za hapa hapa: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Mjumbe mmoja asiwe kwenye zote tatu, hata kama ndiye pekee anayejua kusoma ramani. Anayenunua saruji asiwe ndiye anayeipokea. Wa mapokezi ahesabu mifuko gari likiwa bado getini, si ikishapangwa stoo, na leja ijazwe hapo hapo, si jioni kwa kukumbuka.

Michango nitaisema kwa kifupi maana inanichosha. Mchango ni wa hiari, unakubaliwa kwenye mkutano wenye muhtasari, mwalimu hakusanyi, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya debe la mahindi ya uji. Mzazi asiyetoa afuatwe na wazazi wenzake. Basi.

Sasa matokeo, ambako wajumbe wengi hudhani hawana la kusema kwa kuwa hawakusoma sana. Ingia tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, fungua matokeo ya darasa la saba ya shule yenu. Masomo ni sita, kila moja lina alama 50, jumla 300. Juu kuna wastani wa shule na daraja lake. Usiishie hapo. Shuka mpaka chini kwenye jedwali la masomo. Sisi tulikuwa na wastani wa 128, daraja C, tukapongezana. Chini kule Kiswahili kilikuwa kimeubeba mzigo wote, na Hisabati ilikuwa na wastani wa 11 kati ya 50. Tulipouliza, ikajulikana mwalimu wa Hisabati wa darasa la sita na la saba alikuwa mmoja, mikondo minne, na alikuwa likizo ya uzazi miezi mitatu bila mtu wa kumshikia. Hilo ni jambo ambalo kamati inaweza kuliandikia barua. "Watoto waongeze bidii" siyo.

Halafu rudi kwenye vichwa. Darasa lile lilisajili watoto 131 la kwanza mwaka 2017. Mwaka 2023 waliofanya mtihani ni 88, waliofaulu 66. Ukutani ofisini paliandikwa ufaulu asilimia 75. Ni kweli, 66 kwa 88. Lakini 66 kwa 131 ni nusu. Wapo waliohama, wapo waliokariri darasa la nne baada ya kushindwa upimaji, na wapo ambao nawaona wanachunga ng'ombe wa watu. Ukiwapanga kwa majina, siyo kwa asilimia, mwenyekiti wa kijiji anaweza kuwafuata nyumbani. Tuliandika majina 19. Wanne walirudi darasani. Sijui kama ni wengi au wachache, ila nawajua kwa majina.

Ukiona nchi yote inakuuliza kuhusu shule kumi bora, waambie NECTA iliacha kuzitangaza tangu matokeo ya mwaka 2022, na mimi naona walifanya vizuri. Shule yako ilinganishe na yenyewe ya miaka mitatu iliyopita, na ile ya jirani yenye watoto wa aina ileile.

Ukikwama, kuna ngazi. Kwanza kikao cha kamati, ambapo mwalimu mkuu ndiye katibu. Kwa hiyo hakikisha swali lako limeingia kwenye muhtasari kwa maneno yako, na uusome kabla ya kusaini. Kisha Afisa Elimu Kata. Kisha mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa kila miezi mitatu. Diwani na kamati ya maendeleo ya kata. Mkurugenzi, kwa barua yenye nakala iliyogongwa muhuri wa masjala. Bila muhuri hukupeleka kitu. Na kila Aprili ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuhusu serikali za mitaa inapotoka, tafuta halmashauri yako humo. Shule yako huenda isitajwe, lakini utajua tabia ya mfuko unaokulisha. Usiruke ngazi ukiwa na hasira. Mimi niliwahi kumpigia diwani kabla sijamwona Afisa Elimu Kata, na barua yangu ya matundu ya vyoo ikakaa mezani miezi mitano. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Sisi tulikuwa na 14 kwa shule nzima, ilhali hesabu inataka kama 40. Haki ilikuwa upande wangu, njia ndiyo niliyoikosea.

Ninachokihangaikia sasa ni mwaka 2027. Walioanza darasa la tatu na mtaala mpya mwaka 2024, ambao shule ya msingi inaishia la sita, wanamaliza mwaka huo, sambamba na la saba wa mtaala wa zamani. Wote wanakwenda kidato cha kwanza Januari 2028. Kwetu nimewahesabu: 97 na 112. Wakifaulu robo tatu ni kama 157, na kwa watoto 45 kila chumba hivyo ni vyumba vinne kwa shule yetu peke yake. Sekondari ya kata ina vitatu vya kidato cha kwanza, na shule za msingi zinazoilisha ziko tatu. Nilimuuliza diwani, akasema, "Fundi, hilo lipo kwenye mpango." Nimeomba nakala ya mpango. Barua ina muhuri wa masjala, tarehe inasomeka vizuri.