Taarab ya bure maktaba, jinsi ya kuiandaa hapa Tanga

Anza na mkutubi, mpelekee barua mapema useme mnaanza saa ngapi na mnamaliza saa ngapi. Mi naona Jumamosi baada ya Alasiri ndo poa, Maghrib ikiingia mshamaliza. Spika kubwa achaneni nazo jamani, udi, fidla, akodiani na dumbaki vinatosha, kuna watu wanasoma chumba cha pili.

Halafu tafuteni wazee waliopiga enzi za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya hapa hapa Tanga, maana Tanga hii ndo iliyoingiza gitaa kwenye taarab miaka ya 60, na vijana wengi hawajui kabisa, wapeni wazee maiki wasimulie. Kiingilio hakuna, ila nauli na chai ya wapigaji changeni kabla. Vitabu vya mashairi wekeni mezani mlangoni, watu waazime wakitoka.