SOMO: Tengeneza glaida isiyo na mkia, na ujue inarukaje

Habari wakuu. Wengi humu mmeshatengeneza glaida (ndege zisizo na injini) za kawaida, zenye kiwiliwili katikati na mkia nyuma. Leo mkia tunautoa. Linabaki bawa tupu, na hilo bawa lazima lijibebe na lijisawazishe lenyewe.

Nadharia kwanza, msiiruke, maana ndiyo itakayowaokoa chombo kikigoma. Bawa lililopinda mgongo ukiliachia peke yake hewani, pua huzama na linabingirika hadi chini. Kwenye ndege ya kawaida mkia ndio unaozuia hilo. Ukiutoa, kazi yake haijaondoka, inatafuta mtu mwingine wa kuifanya. Njia ni mbili. Ama uukunje juu kidogo ukingo wa nyuma wa bawa, ama uyalaze mabawa nyuma kisha ncha zake uzisokote ziinamie chini kidogo kuliko shina, yaani pale mabawa yanapoungana katikati. Njia ya pili ndiyo walioing'ang'ania ndugu wawili wa Ujerumani, Walter na Reimar Horten, ambao glaida yao ya kwanza ya aina hii iliruka mwaka 1933. Sisi tutafuata hiyo, ila badala ya kusokota tutakunja, maana fomu, lile povu gumu jepesi tutakalotumia, haishiki msokoto.

Uzito unakaa mbele, na ncha zilizo nyuma zinabeba kidogo sana au hata kusukuma chini. Mwendo ukipungua, nguvu ya kuinua pua nayo inapungua, pua inazama, mwendo unarudi. Mwendo ukizidi, pua inainuka yenyewe. Basi.

Vifaa: fomu bapa ya milimita 3, kisu kikali, rula, msasa, selotepu, kijiti chembamba cha mwanzi, udongo wa kuchezea, na gundi isiyoyeyusha fomu (ijaribu kwenye kipande cha kutupa kabla ya yote).

Hatua ya 1: Kukata

Chora nusu ya bawa kwenye karatasi. Shina sm 12, ncha sm 8, kutoka shina hadi ncha sm 30. Ukingo wa mbele kwenye ncha uwe umerudi nyuma sm 12 kutoka usawa wa pua. Tumia kiolezo hichohicho kwa nusu ya pili, ukikigeuza. Lainisha ukingo wa mbele kwa msasa.

Hatua ya 2: Kuunga

Unga nusu mbili kwa gundi na selotepu, kila ncha ikiwa imeinuka kama sm 1.5. Bandika mwanzi chini ya kila bawa ili lisipinde likibeba uzito.

Hatua ya 3: Vikunjo

Kwenye sm 10 za mwisho za kila bawa, piga mstari sm 2.5 kutoka ukingo wa nyuma. Kwaruza kwa kisu upande wa chini bila kutoboa, kisha kunja juu hadi ukingo uinuke milimita 3. Pima pande zote mbili kwa rula. Jicho hapa linadanganya.

Hatua ya 4: Kusawazisha

Hapa ndipo glaida za aina hii zinapofia. Watu hukata vizuri, huunga vizuri, halafu uzito wanauweka kwa kukisia.

Pima sm 7 kutoka pua kwenda nyuma kwenye mstari wa katikati, kisha kwa usawa huohuo weka alama mbili chini ya bawa, sm 3 kushoto na sm 3 kulia. Iegemeze kwenye ncha za vidole viwili penye alama hizo. Itaangukia nyuma. Ongeza udongo puani, kidogokidogo, hadi itulie sawa.

Hizo sm 7 hazikutoka hewani. Upana wa wastani wa bawa hili ni kama sm 10.1, nao unaangukia sm 14 kutoka katikati, mahali ambapo ukingo wa mbele umesharudi nyuma sm 5.6. Ongeza robo ya 10.1, yaani 2.5, unapata 8.1. Hapo ndipo mpaka. Kitovu cha uzito kikifika kwenye mpaka au kuuvuka, hakuna kikunjo kitakachokusaidia. Kwa hiyo tunakaa mbele yake kwa asilimia 10 hivi ya upana wa wastani. Mkia unausogeza mpaka huo nyuma sana, ndiyo maana glaida ya kawaida inakusamehe. Hii milimita 3 tu zinaibadilisha tabia.

Hatua ya 5: Kurusha

Subiri upepo utulie. Ishike katikati kwa nyuma, isukume mbele kwa usawa, pua ikiinama kidogo. Usiirushe kama jiwe. Ikizama, ongeza vikunjo nusu milimita. Ikiinuka na kusimama, punguza. Ikikata kushoto, inua kidogo kikunjo cha kulia. Gusa kitu kimoja, rusha, ndipo uguse kingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, yangu inatikisa pua juu chini muda wote. Nimepunguza vikunjo lakini wapi.

Jibu: Inatikisaje, ndugu yangu? Kama ni mawimbi makubwa ya polepole, inapanda, inasimama, inashuka, basi ama vikunjo bado vimezidi ama unairusha kwa nguvu mno. Kama ni kutikisa kwa harakaharaka, uzito uko nyuma, ongeza udongo. Kuhakikisha, irushe pua ikiwa imeinama zaidi ya kawaida. Ikijinyanyua taratibu, uko salama. Ikiendelea kuzama au ikazidi kuchimba, uzito uko nyuma. Ikiruka juu kwa fujo, uzito puani umezidi na vikunjo vimezidi pia.

Swali: Fundi, mbona hujaweka mapezi wima kwenye ncha? Nilidhani ni lazima.

Jibu: Si lazima. Mabawa yaliyolala nyuma yanajielekeza kidogo yenyewe, kama manyoya ya mshale. Shida huja kwenye kukata kona: bawa linaloinuka kwa kawaida linavuta hewa zaidi, kwa hiyo pua inageukia upande usiotakiwa. Mwanasayansi wa Ujerumani Ludwig Prandtl alionyesha mwaka 1933 mgawanyo wa nguvu ya kunyanyua unaofifia taratibu kuelekea kwenye ncha, na Reimar Horten akautumia kwenye glaida zake. Miaka ya 2010 Al Bowers na wenzake wa NASA walirusha modeli za namna hiyo zisizo na pezi hata moja, zikageukia upande unaotakiwa. Fomu yetu bapa haina ustaarabu huo. Ukiona inayumba kulia kushoto, bandika mapezi ya sm 4 kwa 4, hakuna aibu.

Swali: Bawa lililonyooka kabisa, bila kulala nyuma, linaruka?

Jibu: Linaruka. Mfaransa Charles Fauvel alitengeneza glaida ya AV.36 ya namna hiyo, mtu mmoja ndani, ikaruka mwaka 1951. Pale ukingo wa nyuma unakunjwa juu kwa urefu wote au karibu wote. Kwa upana wa sm 12, mpaka uko sm 3, wewe weka uzito kwenye 2.4. Nafasi ya kukosea ni finyu kuliko hii.

Swali: Kama ni safi hivi, kwa nini glaida za mashindano karibu zote zina mkia?

Jibu: Kwa sababu unachookoa kwa kutoa mkia, bawa linakilipa. Vikunjo na misokoto vinapunguza uwezo wa kunyanyua, na huwezi kushusha flapi (vibamba vya ukingo wa nyuma vinavyoshushwa wakati wa kutua) kwa uhuru maana pua itazama na hakuna mkia wa kuirudisha. Hapo inabidi bawa liwe kubwa ili utue polepole. Kwangu mimi uzuri wake unatosha, lakini mashindano hayatoi pointi za uzuri.

Swali: Nataka kuweka redio. Nianzie wapi?

Jibu: Hii ni laini mno kubeba betri na servo (mota ndogo za kusogeza vikunjo). Ikuze vipimo vyote mara mbili, fomu iwe nene zaidi, na alama ya uzito inakuwa sm 14 kutoka puani. Vikunjo vigeuze kuwa elevoni, yaani vikunjo vinavyosogea juu na chini, servo moja kila upande, na kwenye redio chagua mchanganyiko wa delta: fimbo ya juu-chini inavisogeza pamoja, ya kushoto-kulia inavipishanisha. Kosa la kawaida ni kuachia elevoni zisogee sana. Anza na milimita 5 juu na 5 chini. Ikichelewa kuitikia, ongeza.