Wembe wa kukunja wa kusafiri nao: anza na kiwembe, mpini baadaye

Juzi mdogo wangu aliniletea wembe wa kukunja, ule wa kubadilisha kiwembe kama wanaoutumia vinyozi, akitaka nimwambie kama utamfaa safari ya miezi mitatu. Mpini ulikuwa wa mbao nyeusi iliyong'arishwa, unapendeza machoni. Nikamuuliza, "Unaingia kiwembe gani?" Hakujua. Tulikaa jioni nzima tukianza upya, na tuliyoyapitia ndiyo haya, maana kosa hilo nami nililifanya.

Hatua ya 1: Chagua kiwembe

Wembe wa namna hii haunolewi wala hausuguliwi kwenye mkanda wa ngozi. Makali yote ni ya kiwembe, na kikiisha ukiwa safarini, mpini unabaki pambo. Kwa hiyo jiulize kwanza: huko niendako, kiwembe hiki nitakipata?

Aina ni nyingi, lakini utakazokutana nazo zaidi ni mbili. Kuna kiwembe cha kawaida chenye makali pande zote mbili, kilekile cha mashine ya kunyolea ambayo King Camp Gillette alipewa hataza yake Marekani mwaka 1904. Kina urefu wa milimita 43 hivi na unene wa takriban milimita 0.1, na unakivunja katikati kwa urefu ukapata nusu mbili. Kuna na kiwembe kirefu zaidi, kinene, chenye makali upande mmoja, kilichotengenezwa mahsusi kwa mipini hii. Kinachojulikana sana ni Artist Club cha Feather, kampuni ya Japani.

Hiki cha pili kinanyoa vizuri kuliko nusu ya kiwembe, nakiri. Hakipindi wala hakitetemeki kwenye ndevu ngumu za kidevuni, na kinakuja kwenye kikasha cha kusukumia, kwa hiyo unakiingiza bila kukigusa. Nyumbani ndicho ninachotumia. Lakini safarini nakiacha, labda iwe safari ya siku chache ambayo nina hakika viwembe nilivyobeba vinatosha. Kile cha pande mbili utakipata kwenye maduka madogo kabisa, sehemu nyingi sana za dunia. Chukua wembe unaopokea nusu ya kiwembe hicho, basi.

Hatua ya 2: Mpini

Uwe wa chuma kisichoshika kutu, wote. Mbao ikifungiwa na unyevu ndani ya begi inavimba, na plastiki nyepesi inalegea kwenye bawaba. Uwe unakunjika, ili kichwa kilale ndani ya mpini. Nyembe za Kijapani zisizokunjika ni nzuri lakini si za begi.

Kuna vichwa vya kuchomeka, ambavyo unasukuma nusu ya kiwembe kutokea mwisho mmoja, na kuna vya kufunguka kama mlango mdogo, unalaza kiwembe kisha unafunga. Mimi nataka cha kufunguka. Kukisafisha ni rahisi, na vidole havipiti karibu na makali.

Hatua ya 3: Hakikisha kiwembe kimekaa sawa

Hapa ndipo nilipopotezea muda wangu, kwa hiyo nivumilie.

Wembe wangu wa kwanza wa safari ulikuwa wa kuchomeka. Asubuhi tatu mfululizo ulinikata mahali palepale, chini ya taya la kushoto. Nikalaumu sabuni. Nikalaumu mkono wangu. Nikabadilisha viwembe vya makampuni matatu, nikabadilisha pembe ya kushikia, nikanyoa polepole hadi povu likanikaukia usoni. Siku ya nne, nikiwa nimekata tamaa, niliuinua dirishani nikautazama kwa urefu, kama fundi seremala anavyotazama ubao kujua umepinda wapi. Upande wa mbele kiwembe kilitokeza zaidi ya upande wa nyuma, tofauti kama unene wa ukucha. Ukucha huo ndio ulionikata siku zote tatu.

Tangu hapo, kila nikiweka kiwembe kipya naupeleka kwenye mwanga kwanza. Shika wembe makali yakielekea juu, funga jicho moja, tazama mstari wa chuma cha kichwa na mstari wa makali. Iwe mistari miwili sambamba mwanzo hadi mwisho. Ikikaribiana upande mmoja, usinyoe.

Kinachosababisha mara nyingi ni kimoja kati ya hivi. Kiwembe kimevunjwa vibaya, kikaacha ncha iliyopinda katikati. Au kuna sabuni iliyokauka ndani ya kichwa, hata punje ndogo tu. Au kichwa hakijafungwa hadi mwisho. Na kama umebadilisha kiwembe, umesafisha, umefunga vizuri na bado kinakaa upande, basi kichwa chenyewe kimetengenezwa vibaya. Rudisha wembe dukani, usijaribu kukipinda kwa koleo.

Kuvunja: kiache kiwembe ndani ya karatasi yake. Kikunje kwa urefu, makali mawili yakikutana, hadi usikie kimeachana. Usikitoe kwenye karatasi kabla. Wapo wanaokata kwa mkasi. Inawezekana, ila mkasi butu unakipinda kiwembe na unarudi kwenye tatizo lilelile. Ukiwa unanunua vingi kabla ya kuondoka, vipo pia vinavyouzwa vikiwa nusu tayari, navyo vinakaa vizuri sana.

Kikikaa upande, usikisukume kwa kidole kwenye makali, hata kwa kugusa tu. Fungua, kitoe, anza tena.

Jambo lingine ni ncha za mwisho. Vichwa vingine vinaacha kona za kiwembe wazi, na kona hizo ndizo zinazochanja karibu na sikio na chini ya pua. Tafuta kichwa kinachozifunika. Ukiwa dukani na huruhusiwi kuweka kiwembe, chukua kipande cha karatasi ulichokikata kwa kipimo cha nusu ya kiwembe, ukilaze ndani uone kinaishia wapi.

Hatua ya 4: Uwanja wa ndege

Viwembe viende kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege. Mpini mtupu nao uweke humohumo, kwa sababu hata pale kanuni isipoukataza, anayeamua ni ofisa aliyesimama mbele yako. Mpini wangu wa pili ulibaki kwenye meza ya ukaguzi: nilikuwa nimesahau nusu ya kiwembe ndani yake. Sasa kiwembe nakitoa usiku wa kuamkia safari.

Kama unasafiri na begi la mkononi peke yake, acha wembe huu nyumbani, ubebe mashine ya kutupa. Sabuni chukua ya kijiti. Si kimiminika, kwa hiyo haiingii kwenye hesabu ya mililita 100.

Hatua ya 5: Zoea kabla ya kuondoka

Wiki mbili angalau. Shika wembe kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka kwenye ngozi, vuta ngozi kwa mkono mwingine, fuata ndevu zinakolala, usikandamize. Usiutelezeshe kwa upande hata kidogo. Beba na kipande cha shabu, ukilowanishe na kukipitisha palipochanika. Ndani ya basi, treni au meli, usinyoe.

Hatua ya 6: Ukimaliza

Toa kiwembe, suuza kichwa, kausha, acha wazi. Mimi nusu moja naitumia mara tatu, ya nne inaanza kuvuta ndevu.

Usimwazime mtu, hata ndugu mnayelala chumba kimoja. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi. Na nusu zilizokwisha kutumika usizitupe wazi kwenye ndoo ya takataka ya chumba cha kulala wageni, maana kuna mtu atakuja kubana mfuko huo kwa mkono. Mdogo wangu nimempa kopo dogo la chuma lenye mfuniko ulioshindiliwa, nimelitoboa mwanya juu kwa ncha ya kisu. Nusu ya kiwembe inaingia, haitoki.