Taichi ya miondoko 24 kwa video: anzia miguuni

Video ya taichi, sanaa ya mapigano ya Kichina ya mwendo wa polepole, huonyesha mikono na kuficha uzito. Unaona kiganja kimoja kinapaa, kingine kinashuka, nawe unaiga hivyohivyo. Usichokiona ni kwamba kabla kiganja hakijasogea, mwalimu alikuwa ameshahamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja hadi mwingine na kugeuza kiuno. Anayejifunza peke yake kwa simu akifuata mikono tu, atamaliza mfululizo wote haraka, halafu magoti yataanza kumuuma na hatajua kosa liko wapi. Kwa hiyo hapa tunaanza na miguu, kiuno kinafuata, mikono inakuja mwisho.

Mfululizo wa kuanza nao

Chagua ule wa miondoko 24. Ulitungwa China mwaka 1956 chini ya kamati ya serikali ya michezo, kwa kufupisha taichi ya ukoo wa Yang ili watu wa kawaida waweze kujifunza. Wote kwa pamoja huchukua dakika 5 hadi 6. Kwa asiye na mwalimu, faida yake kubwa ni kwamba ni sanifu: ukikwama kwenye video moja, unafungua ya mwalimu mwingine na kukuta mpangilio uleule. Mfululizo mrefu wa Yang haukupi nafuu hiyo, maana wengine huhesabu miondoko 85, wengine 103, wengine 108, na kila ukoo wa walimu una namna yake. Taichi ya Chen, iliyotoka kijiji cha Chenjiagou mkoani Henan, ina mapigo ya ghafla na kukanyaga chini kwa nguvu. Ni nzuri sana, lakini hiyo msubiri mwalimu.

Kutafuta video inayofaa

Ukitafuta kwa Kichina utapata video nyingi na bora zaidi. Nakili maneno haya kwenye YouTube: 24式太极拳 教学, yaani mafunzo ya taichi ya miondoko 24. Ukiongeza 背面 utapata zile zilizopigwa kutoka nyuma ya mwalimu, na hizo ndizo unazozihitaji kuliko zote, kwa sababu mkono wake wa kushoto unakuwa upande wa kushoto kwako. Huhitaji kujua lugha. Yatosha kuzoea sauti mbili: zuo, inayosikika kama "zwo", ni kushoto, you, inayosikika kama "yo", ni kulia.

Kipimo cha video nzuri ni nyayo. Kama nyayo zinaonekana tangu mwanzo hadi mwisho, na kamera haihami katikati ya mwondoko, ibakize. Zile za mlimani zenye ukungu na kamera inayomzunguka mwalimu ni za kutazama jioni ukiwa umepumzika, hazifundishi hatua.

Video nyingine zimegeuzwa kama kioo bila kuelezwa. Kuzitambua ni rahisi. Baada ya mwondoko wa ufunguzi, hatua ya kwanza huenda kushoto, kwa mguu wa kushoto. Na teke la kwanza, ambalo ni mwondoko wa 13, ni la mguu wa kulia. Ukiona mwalimu aliyekupa mgongo anaanza kwa kwenda kulia, video imegeuzwa. Iache, usijaribu kuirekebisha kichwani.

Shika mwalimu mmoja. Wa pili awe wa kukuonyesha pembe nyingine pale unapokwama, basi. Kasi iweke kwenye 0.5 unapotazama hatua mpya, kisha 0.75. Ukigusa skrini mara mbili upande wa kushoto, video inarudi nyuma sekunde 10, na mara nyingi huo ndio urefu wa mwondoko mmoja. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi, maana utairudia sehemu moja mara nyingi mno, na bando itaisha hujamaliza sehemu ya kwanza.

Na usifanye huku ukitazama. Ukigeuza shingo kuifuata simu, bega linainuka na kiuno kinapinda, na mwili unazoea umbo hilo bovu. Tazama mwondoko mmoja mara tatu, weka simu chini, ufanye. Umesahau? Rudi utazame tena.

Mahali na viatu

Mfululizo wote huenda kwa mstari, kwanza kushoto, kisha kurudi. Nafasi ya mita 6 kwa 2 inatosha. Kwa wakazi wa gorofa za Nairobi, paa la kuanikia nguo ndilo ukumbi bora asubuhi. Mwombe keateka (msimamizi wa jengo) mapema, na uangalie mteremko wa kupitisha maji ya mvua, kwa sababu sakafu iliyoinama hukudanganya kuhusu uzito wako. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwanga unatosha mwaka mzima. Bustani ya Arboretum kuna nyasi na kivuli, ila mfuko wenye ndizi usiuache chini, tumbili hawaombi ruhusa. Bustani ya Jeevanjee katikati ya jiji ni pazuri asubuhi. Saa za chakula cha mchana ni pa wahubiri na wasikilizaji wao.

Msimu wa mvua, kati ya Machi na Mei, epuka udongo mwekundu. Unanata kwenye soli: mwili unageuka, kiatu kinabaki, na goti ndilo linalolipa. Nyasi ndefu nazo hufanya hivyohivyo. Sakafu kavu ya saruji ni salama zaidi.

Viatu viwe vyepesi, soli bapa na nyembamba, kama raba za kitambaa. Viatu vya kukimbilia vyenye kisigino kinene havifai, kwa kuwa vinakusukuma mbele na huwezi kuhisi kama uzito uko kisiginoni au vidoleni. Julai, baridi ikikaza, ongeza dakika 5 za kuzungusha nyonga, magoti na vifundo vya miguu kabla ya kuanza.

Mwezi wa kwanza: miguu peke yake

Mikono iweke kiunoni na uisahau. Kila siku anza kwa kusimama dakika 3 hadi 5: miguu sambamba, upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo, mkia wa uti wa mgongo unaelekea chini, mabega yameshuka. Kisha hamisha uzito polepole kwenda kushoto hadi mguu wa kulia uwe mtupu kiasi cha kuweza kuuinua bila mwili kuyumba. Rudi kulia. Hilo peke yake, dakika 5, kwa wiki nzima.

Wiki ya pili chora kwa chaki mistari miwili sambamba, sentimita 20 kati yake. Hii ni ya msimamo wa upinde, ambao ndio umebeba sehemu kubwa ya mfululizo. Kisigino cha kushoto kinakaa kwenye mstari wa kushoto, cha kulia kwenye wa kulia. Vidole vya mguu wa mbele vinatazama mbele moja kwa moja. Vya mguu wa nyuma vimegeuka nje nyuzi 45 hadi 60. Goti la mbele liko juu ya unyayo, halipiti ncha ya vidole, na linaelekea palepale vidole vinapoelekea. Uzito mwingi uko mbele, karibu asilimia 70.

Kosa linaloonekana kwa karibu kila anayejifunza kwa video ni kuweka visigino vyote kwenye mstari mmoja, kama anayetembea juu ya kamba. Video iliyopigwa kutoka ubavuni haionyeshi upana, ndiyo maana. Matokeo yake unayumba, na ili usianguke unakaza mabega na kuzuia pumzi. Watu hudhani wana shida ya pumzi, kumbe ni sentimita 20 za sakafu.

Sasa hatua yenyewe. Walimu wa taichi huita mwendo wa paka, nao ni huu, ukitoka msimamo wa upinde wa kushoto kwenda wa kulia:

1. Rudisha uzito wote kwenye mguu wa kulia ulioko nyuma. Ncha ya mguu wa kushoto inainuka yenyewe.
2. Geuza kiuno kushoto. Mguu wa kushoto, ukiwa mtupu, unageuka nacho nyuzi 45 hivi.
3. Shusha unyayo wa kushoto, kisha uhamishie uzito wote.
4. Vuta mguu wa kulia mpaka karibu na wa kushoto. Mwanzoni ruhusu ncha ya kidole iguse chini.
5. Peleka mguu wa kulia mbele kwenye mstari wake, kisigino kiguse kwanza, bila uzito wowote.
6. Hamisha uzito mbele polepole, unyayo ukilala, na mwishoni kisigino cha nyuma kinasukumwa nje kupata pembe yake.

Hatua ya kwanza na ya pili ndizo zinazookoa magoti. Ukitazama kwa kasi ya kawaida zinapita kama hazipo, hivyo mwanafunzi anageuza mguu wa mbele ukiwa bado umebeba mwili. Unyayo umekwama chini, paja linageuka, na goti linasokotwa katikati. Sheria ni moja: mguu hugeuka ukiwa mtupu.

Hatua ya tano ijaribu hivi: kisigino kikishagusa, urudishe mguu ulikotoka. Ukiweza bila mwili kusogea, hatua yako ina urefu sahihi. Ukilazimika kujirusha nyuma, umepiga hatua ndefu kupita uwezo wa paja lako. Ifupishe, usione haya. Msimamo wa juu uliotulia una thamani kuliko wa chini unaotetemeka.

Kuongeza mikono

Hatua hiyohiyo ndiyo mwondoko wa pili, ule wa kutenganisha manyoya ya shingo ya farasi. Unapovuta mguu wa kulia (hatua ya 4), mikono inakuwa kama imekumbatia mpira mbele ya kifua: wa kushoto juu, wa kulia chini, viganja vikitazamana. Unapohamisha uzito mbele (hatua ya 6), na si kabla, mikono inaachana: wa kulia unapanda hadi usawa wa macho, kiganja kikielekea juu kwa mshazari, wa kushoto unashuka kando ya nyonga, kiganja chini. Mikono na uzito vifike pamoja. Mikono ikitangulia, ina maana unaisukuma kwa mabega badala ya kuiachia kiuno.

Miondoko 24 kwa desturi hugawanywa katika mafungu manane: 1–3, 4–6, 7–8, 9–11, 12–15, 16–17, 18–20, 21–24. Tumia mgawanyo huo. Wiki mbili kwa kila fungu ni kasi nzuri, na usifungue jipya kabla la zamani halijafanyika mara tatu mfululizo bila kutazama simu. Hivyo, pamoja na mwezi wa miguu, ni kama miezi mitano.

Baadhi ya sehemu zina mitego yake. Mwondoko wa 6 unarudi nyuma, na hapo ncha ya mguu ndiyo inayogusa kwanza, kisha kisigino. Peleka mguu nyuma ukiuachia nafasi pembeni, usiuvushe nyuma ya mwingine. Mwondoko wa 10, mikono ya mawingu, unatembea ubavu: vidole vya miguu yote miwili vitazame mbele, na miguu ikikaribiana ibaki sentimita 10 hadi 20. Video humfanya mtu azungushe mikono mbele ya uso, ilhali kinachogeuka ni kiuno. Mateke ya 13 na 15 yanatosha yakifika usawa wa nyonga, kwa kisigino, polepole. Kwenye 16 na 17, ambapo mwalimu huchuchumaa mpaka karibu na ardhi, wewe shuka nusu tu. Kina hicho kinatokana na nyonga zilizofunguka kwa miaka, na asiye nazo huishia kulikunja goti kwa ndani. Mwenye goti bovu tayari amwone kwanza mtaalamu wa fiziotherapia.

Jirekodi

Mara moja kwa wiki egemeza simu kwenye ndoo, usawa wa nyonga, mita 4 kutoka ulipo. Siku moja kutoka nyuma, wiki inayofuata kutoka ubavuni. Weka video yako na ya mwalimu kwenye mwondoko uleule, simamisha zote, kisha angalia kwa mpangilio huu: visigino, magoti, nyonga, mabega, na viganja mwisho. Sahihisha kitu kimoja tu wiki hiyo. Tazama pia utosi dhidi ya mstari wowote wa ukutani. Ukipanda na kushuka kila hatua, unanyoosha goti linalobeba uzito katikati ya hatua.

Yasiyofundishika kwa simu

Mazoezi ya kusukumana mikono, ambayo ndiyo hujaribu kama msimamo wako una mizizi, yanahitaji mtu wa kukugusa. Usijidanganye pia kwamba mfululizo huu pekee utakulinda dhidi ya mkora. Ukishaumaliza, tafuta mwalimu hata kwa saa moja kila miezi michache. Pa kuanzia kuulizia ni Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2005, ambako watu wa lugha na utamaduni wa Kichina hukutana. Ukimpata, usimwonyeshe mfululizo mzima. Mfanyie mwondoko wa pili na wa nne, umwombe akuwekee mkono kwenye kiuno na akusukume taratibu begani ukiwa katika msimamo wa upinde. Atakachokirekebisha hapo, rudi nacho ukakirekebishe katika miondoko mingine yote yenye msimamo huo.